Habari za Ugonjwa Zifike Kabla ya Ugonjwa

Mhadhara uliotolewa Juba, Sudan Kusini

Nimeombwa nizungumze juu ya kuchapisha na kugawana taarifa za afya katika ukanda wetu. Nitaanza na mtu mmoja aliyeugua mbali magharibi ya hapa tulipo, karibu nusu karne iliyopita.

Mwishoni mwa Juni 1976, mtunza ghala wa kiwanda cha pamba cha Nzara alishikwa na homa kali, kichwa na kifua vikimuuma. Tarehe 6 Julai alifariki. Wakafuata wenzake wa kiwandani, kisha jamaa na majirani waliowauguza. Wagonjwa walipopelekwa hospitali ya Maridi, ugonjwa ulikuta wodi zilizojaa na wauguzi wanaowahudumia watu kwa mikono mitupu. Karibu theluthi moja ya wafanyakazi wa hospitali ile waliambukizwa, na 41 kati yao wakafariki. Mlipuko ulipozimika, watu 284 walikuwa wameugua na 151 wamekufa. Miezi hiyohiyo, ng'ambo ya mpaka, katika misheni ya Yambuku nchini Zaire, watu 318 waliugua na 280 wakafa. Kwa muda wataalamu walidhani ni ugonjwa mmoja uliosafiri kwa barabara kutoka upande mmoja hadi mwingine. Baadaye ilibainika kwamba ni virusi viwili tofauti vya ukoo mmoja, ukoo tunaouita leo Ebola.

Mwaka 1978 ripoti za milipuko yote miwili zilichapishwa katika jarida la Shirika la Afya Duniani, Geneva. Mwenye nafasi azisome, maana ni kazi ya kuheshimika. Zinaeleza kwamba aliyemuuguza mgonjwa kwa mikono yake alikuwa hatarini kuliko aliyekaa naye tu chumba kimoja. Zinaeleza kilichosaidia: kuwatenga wagonjwa, kuvaa glavu na barakoa, kuacha kutumia sindano moja kwa watu wengi, kuwa waangalifu wakati wa kuosha maiti. Yote hayo yalipatikana Nzara, Maridi na Yambuku, kwa gharama ya watu wa Nzara, Maridi na Yambuku. Kisha yakaandikwa kwa Kiingereza na kuwekwa katika maktaba za mbali. Mwaka 1979 ugonjwa ulirudi Nzara na Yambio. Waliugua 34, wakafa 22.

Sasa tuvuke mpaka wa kusini. Oktoba 2000, hospitali ya Lacor mjini Gulu, Uganda, ilianza kupoteza wanafunzi wake wa uuguzi kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeutambua. Dkt. Matthew Lukwiya, msimamizi wa hospitali, alikuwa Kampala akisomea shahada ya uzamili. Aliitwa, akarudi, akakagua mafaili ya wagonjwa, kisha usiku akakaa kusoma. Miongoni mwa alivyosoma kulikuwa na mwongozo uliotolewa mwaka 1998 na Shirika la Afya Duniani pamoja na kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kilichoko Atlanta, ulioandikwa kwa ajili ya hospitali za Afrika. Unaonyesha jinsi ya kuzuia homa za kuvuja damu zisienee hospitalini kwa kutumia vifaa ambavyo hospitali ya kawaida inaweza kuwa navyo: klorini iliyochanganywa kwa vipimo sahihi, aproni ya plastiki, mabuti ya mpira, chumba kilichogawanywa sehemu ya kuvaa na sehemu ya kuvua. Kabla maabara ya Afrika Kusini haijathibitisha kwamba ni Ebola, Lukwiya alikwisha kufungua wodi ya kuwatenga wagonjwa. Wataalamu wa kigeni walipofika waliikuta inafanya kazi.

Mlipuko ule ulishika watu 425 na kuua 224. Dkt. Lukwiya mwenyewe alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Virusi vilivyomuua ni aina ya Sudan, ileile ya Nzara na Maridi.

Nawaomba mtazame vizuri njia iliyopitwa. Maarifa yaliyopatikana Maridi mwaka 1976 yalimfikia daktari wa Gulu kupitia Geneva na Atlanta, baada ya zaidi ya miaka 20. Tushukuru kwamba yalifika, maana bila mwongozo ule msiba ungekuwa mkubwa zaidi. Lakini Gulu na Maridi ni majirani. Watu wanaoana, wanauziana mifugo na mahindi, wamekimbiliana wakati wa vita, mara hii upande huu, mara ile upande ule. Wakimbizi walivuka, wafanyabiashara walivuka, virusi vilivuka. Taarifa peke yake ndiyo iliyozunguka dunia kabla ya kufika kwa jirani.

Ndiyo hoja yangu leo, na sina nyingine. Taarifa ya afya bado haijachapishwa, hata kama iko katika jarida lenye sifa, mpaka iwe imemfikia mhudumu wa ng'ambo ya pili ya mpaka na mzazi anayemletea mtoto mgonjwa, kwa lugha wanayoielewa, wakati bado inaweza kuwasaidia. Kuchapisha ni sehemu ya kutibu, na kunastahili bajeti, watu na muda kama sehemu nyingine zote.

Mfano wa pili unaniuma zaidi, kwa sababu unawahusu watoto na kwa sababu ulichukua muda mrefu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Mnorwe Louise Jilek-Aall alifanya kazi Mahenge, milimani kusini mwa Tanzania, akaanzisha kliniki ya kifafa. Wenyeji walimwita Mama Doctor. Alikuta watoto ambao kichwa kiliinama chenyewe na kuinuka, kikainama tena, mara nyingi kwa muda mfupi, na baadaye wakaanza kuanguka kifafa. Aliandika juu yao katika majarida ya Ulaya miaka hiyohiyo ya 1960. Miaka ya 1990 wazazi wa Lui na Mundri, katika Ikwetoria ya Magharibi, waliona jambo lilelile: mtoto anawekewa chakula mbele yake, kichwa kinaanza kuinama. Jarida moja la London la magonjwa ya ubongo liliandika habari hiyo mwaka 2003 na kuiita fumbo la Sudan ya kusini. Kisha Kitgum na Pader, kaskazini mwa Uganda, familia zilizotoka kwenye kambi za wakimbizi wa ndani zikawa zinawafunga watoto kamba ili wasianguke motoni mama anapokwenda shamba. Wazazi walielezwa mengi: laana, mizimu, kemikali za vita. Mkutano mkubwa wa kimataifa juu ya ugonjwa huu ulifanyika Kampala mwaka 2012.

Kutoka Mahenge hadi mkutano wa Kampala ni nusu karne. Katika muda wote huo mama wa Kitgum hakuwa na njia ya kujua kwamba yuko mama wa Mahenge aliyelea mtoto kama wake, akampa dawa za kifafa kila siku, na akaona degedege zikipungua. Sisemi kwamba kujua kungemponya mtoto. Kungemwondolea mama huyo hofu kwamba amelaaniwa, na kungempeleka kliniki mapema, kabla moto na maji havijamjeruhi mwanawe.

Nitarudi Maridi baadaye kidogo. Kwanza niseme juu ya jambo jema lililofanyika hapahapa Juba.

Mwaka 2008, nchi ikiwa bado haijapata uhuru na vita vya miaka mingi vikiwa vimesimama miaka mitatu tu, madaktari wachache wa Juba walishirikiana na wenzao walioko Uingereza wakaanzisha jarida la tiba la Sudan ya kusini, ambalo baada ya 2011 likaitwa South Sudan Medical Journal. Miongoni mwa wahariri wake wamekuwamo Dkt. Eluzai Hakim, mtoto wa nchi hii aliyekuwa daktari bingwa katika kisiwa cha Wight, na Ann Burgess, mtaalamu wa lishe aliyefanya kazi miaka mingi Afrika. Jarida hutoka mara 4 kwa mwaka, na kulisoma ni bure. Mimi nimelihesabu kuwa miongoni mwa taasisi muhimu za nchi hii, na sidhani nimetia chumvi. Ndani yake tabibu wa jimboni anaweza kuandika juu ya wagonjwa wa kuumwa na nyoka aliowaona, na mkunga anaweza kusoma namna ya kuzuia damu kutoka baada ya kujifungua, akakuta mfano wa hospitali inayofanana na yake, yenye jenereta inayozimika na benki ya damu isiyo na damu.

Jarida la namna hii linafanya kazi ambayo jarida la London haliwezi kuifanya hata likitaka. Mhariri wa mbali hutafuta kipya kwa dunia. Mhariri wa Juba anaweza kuchapisha kisicho kipya kabisa lakini ambacho wodi ya Torit inakihitaji kesho asubuhi. Nairobi walilijua hilo zamani. East African Medical Journal lina mizizi yake mwanzoni mwa miaka ya 1920, na AMREF, shirika la afya la hukohuko Nairobi, ilitunga vitabu vya mafunzo kwa matabibu wa vijijini na kuvisambaza katika nchi hizi zote. AMREF hiyohiyo ilifungua chuo cha matabibu Maridi mwaka 1998, vita vikiendelea. Wengi waliosoma pale ndio leo wanaobeba vituo vya afya vya majimbo, na kama tunatafuta waandishi wapya wa taarifa za afya, tuanze na hao.

Lakini jarida ni la wahudumu. Mzazi anasikiliza redio.

Ndugu watangazaji, ninyi ni wachapishaji. Radio Miraya ilipoanza mwaka 2006, na Radio Bakhita ya Kanisa Katoliki mwaka huohuo, na baadaye Eye Radio, watu wa Juba walianza kupata habari za afya kwa Kiarabu cha Juba na kwa lugha zao nyingine. Kipindupindu kilipotangazwa hapa mjini Mei 2014, na kiliporudi 2015, na tena 2016 kikakaa hadi mwisho wa 2017, habari za klorini na choo ziliwafikia wengi kwa njia yenu. Mlipuko uliotangazwa Oktoba 2024, ulioanzia Renk walikokuwa wakiingia watu waliokimbia vita vya Sudan, uliua zaidi ya watu 1,000 na kuenea karibu nchi nzima. Kazi hiyo hamjaimaliza.

Nataka tuitazame kwa karibu taarifa moja ndogo, kwa sababu watu hudhani kuandika habari za afya ni jambo la kutafsiri tu. Maji ya chumvi na sukari kwa mtu anayeharisha, pale pakiti za ORS zinapokosekana: lita 1 ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote viwe vimesawazishwa. Sentensi moja. Msomee mama wa mtaa wa Gudele hapa Juba sentensi hiyo kwa redio, kisha fikiria anachofanya. Kijiko kidogo ni kipi? Nyumba nyingi zina kijiko kimoja cha chai na kimoja kikubwa cha kupakulia. Lita 1 ni ipi, wakati maji yananunuliwa kwa jerikeni kutoka kwenye lori la bluu? Akisikia kijiko badala ya nusu kijiko, chumvi inazidi, na chumvi ikizidi inamdhuru mtoto aliyekwisha kupungukiwa maji. Kwa hiyo mwandishi mzuri ataandika: chukua chupa ndogo za maji za nusu lita, zile zinazouzwa njiani, ujaze mbili. Chukua kijiko cha kukorogea chai. Chumvi, nusu tu ya kijiko hicho. Onja: yasizidi chumvi ya machozi. Hayo hayapatikani Geneva wala Nairobi. Yanapatikana kwa kukaa jikoni na mama wa Gudele na kumwomba arudie alichosikia kabla hujakirusha hewani. Taarifa ambayo haijasomewa mtu wa kawaida na kurudiwa naye isitoke.

Tanzania iliwahi kufanya hivyo kwa nchi nzima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi na kijitabu chepesi, kilisikiliza kipindi, kikajadili, kisha kikatoka kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Redio, maandishi na mjadala vilikwenda pamoja. Kwa maoni yangu, hakuna kampeni ya simu za mkononi iliyofanyika katika ukanda huu tangu wakati huo iliyopata kitu kile cha katikati, yaani watu kukaa pamoja na kuulizana. Ujumbe mfupi wa simu unamfikia mtu akiwa peke yake, na akiwa peke yake na swali lisilojibiwa, jibu atalipata kwa wa kwanza atakayelitoa.

Sasa kuna swali la lugha, na ni halali mniulize kwa nini nahutubia kwa Kiswahili Juba. Katiba ya nchi hii inakitambua Kiingereza kuwa lugha rasmi, na lugha zote za asili kuwa lugha za taifa. Kiarabu cha Juba ndicho kinachoendesha soko la Konyo Konyo. Sina nia ya kukipunguzia chochote. Lakini simameni mpakani Nimule asubuhi moja, mtazame malori yaliyotoka Mombasa na Kampala yakisubiri. Madereva wengi, na matingo wao, wauza chai, wabadilisha fedha na waliorudi kutoka kambi ya Kakuma nchini Kenya na kambi za Uganda wanasikilizana kwa Kiswahili. Kisha msome mabango ya afya yaliyobandikwa kwenye vituo kando ya barabara hiyo: mengi ni ya Kiingereza. Ugonjwa unaosafiri na barabara hii unakutana na watu wanaozungumza lugha moja na maonyo yaliyoandikwa kwa lugha nyingine.

Barabara hiyohiyo ilitufundisha jambo jingine mwaka 2020. UVIKO-19 ulipoingia, kila nchi ilipima madereva kwa utaratibu wake, na cheti cha nchi moja kilikataliwa na nyingine. Foleni zilikua, lawama zikaenda huku na huku, idadi ya walioambukizwa ikatangazwa kwa uraia kana kwamba virusi vina pasipoti. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Sudan Kusini iliingia mwaka 2016, ikatengeneza mfumo wa kielektroniki wa kugawana majibu ya vipimo vya madereva baina ya nchi wanachama. Nautaja kwa sababu unaonyesha kwamba inawezekana. Nchi zilizokuwa zikinung'unikiana zilikubali kusoma karatasi moja. Mtandao wa Jumuiya wa kufuatilia magonjwa ulikwisha kuanzishwa tangu mwaka 2000, na Kanuni za Afya za Kimataifa, zinazotumika tangu 2007, zinaitaka nchi iliarifu Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24 baada ya kutathmini tukio linaloweza kuwa hatari ya kimataifa. Sheria ipo. Kinachotuchelewesha ni hofu, na hofu hiyo ina sababu. Waziri anayetangaza ugonjwa mapema anajua kesho yake mpaka unaweza kufungwa, ndege zikapungua, na ng'ombe wasiuzike. Nchi inayosema kweli haipaswi kuadhibiwa na majirani zake. Mpaka tutakapokubaliana hivyo kwa maandishi na kwa vitendo, taarifa zitaendelea kuchelewa, na wahudumu ndio watakaolipa kwanza, kama walivyolipa Maridi na Lacor. Mwaka 2022 virusi vya aina ya Sudan vilipotokea Mubende, Uganda, ilikuwa ni miaka 46 tangu Nzara, na bado hapakuwa na chanjo iliyoidhinishwa dhidi yake. Silaha ilikuwa ileile: kutambua mapema na kuambizana.

Nimesema nitarudi Maridi. Mwaka 2018 watafiti walipita nyumba kwa nyumba huko, wakakuta zaidi ya asilimia 4 ya watu wana kifafa, na wengi zaidi walikuwa wanaishi karibu na bwawa la Maridi, pale maji yanapomwagikia. Pale penye maji ya kasi ndipo usubi, yaani wale inzi weusi wadogo, wanapozaliana kwenye majani yanayoning'inia mtoni. Ushahidi mwingi sasa unauhusisha ugonjwa wa watoto kuinamisha kichwa na mnyoo unaoenezwa na inzi hao, ingawa jinsi mnyoo unavyoleta kifafa bado inachunguzwa. Pamoja na kugawa dawa ya ivermectin, wananchi wa Maridi waliingia mtoni na mapanga wakakata majani yale, wakairudia kazi hiyo. Mbinu yenyewe ilikwisha kujaribiwa kaskazini mwa Uganda, kwa hiyo safari hii maarifa yalivuka mpaka moja kwa moja. Inzi walipungua sana, na katika miaka iliyofuata watoto wapya wanaoanza kifafa walipungua pia.

Habari hii imechapishwa kwa Kiingereza, na wenye intaneti wanaweza kuisoma bure. Mimi naomba ukurasa mmoja zaidi. Kijana mmoja wa Maridi aliyeshika panga, akiwa na tabibu wa kumsaidia, aeleze: walianza mwezi gani, maji yakiwa ya kimo gani, nani aliwaita watu, nani aliwalipa au hakuwalipa, majani yalirudi baada ya muda gani, walijikingaje wasiumwe. Uandikwe kwa Kiarabu cha Juba usomwe redioni hapa, na kwa Kiswahili upelekwe Mahenge, ambako mkulima anaweza kuusoma bila mkalimani. Na wa Mahenge nao, waliolea watoto wenye kifafa tangu enzi za Mama Doctor, waandike ukurasa wao: namna ya kumpa mtoto dawa kila siku miaka mingi bila kuchoka, la kumwambia mwalimu ili asimfukuze darasani, namna ya kuuzungushia uzio moto wa jikoni. Nimewaomba wenzetu wa redio dakika 30 kwa wiki. Waliosoma chuo cha Maridi na wako humu ukumbini, tukimaliza msiondoke. Nina daftari hapa mbele, naomba mje muandike majina yenu na lugha mnazoziandika.